Hukumu Ambayo Haikusomwa

Walimzika Jaji siku ya Jumamosi, nyumbani kwake Jinja, na wasemaji wakapokezana kipaza sauti kusifu hukumu zake. Wakili mmoja, suti imemkaa sawasawa, alizitaja moja moja kama mtu anayeita majina ya watoto wake: ile ya ushuru, ile ya wafungwa, ile ya uchaguzi. Mimi nilikuwa nimekaa katika hema la nyuma kabisa, pamoja na majirani na wauza mboga, sahani ya wali na nyama mapajani. Nilikuwa nasema moyoni: ninyi semeni, lakini iliyo nzuri kuliko zote hamkuisoma. Ilikuwa na kurasa kumi na moja. Niliipiga chapa mimi, nakala mbili, na zote mbili ziliungua katika jiko la mkaa la nyumba ileile, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, kwa sababu yangu. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Leo nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi Mbale, upande wa viwandani, na macho yangu yanataka miwani hata kusoma jina langu mwenyewe. Habari hii sijawahi kumwambia mtu. Kiapo kilinizuia, nilikuwa nasema. Ukweli ni kwamba aibu ilinizuia zaidi.

Habari za wazazi wangu si za hapa. Inatosha kusema kwamba nilijifunza taipureta Mbale mjini, na kwa miaka miwili ya masomo nililala Nakaloke, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjane aitwaye Mama Swaibu. Aliuza vitambaa sokoni. Alinikodisha chumba lakini hakunikubalia nipike peke yangu. Alisema nyumba yenye masufuria mawili ina shetani mmoja. Basi nilikula kwake, nikafua nguo zake na zangu pamoja, nikamwita mama. Mumewe alizikwa palepale uani, karibu na migomba, na kila Ijumaa Mama Swaibu alifagia lile kaburi kabla hajafagia mlango wake.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi Jinja. Jaji alikaa katika mahakama ya juu kabisa, kule Kampala, siku za kazi, lakini Ijumaa jioni alirudi kwake Jinja na sanduku la mafaili, na kazi yake hasa, ile ya kuandika, aliifanya hapo. Alikuwa na katibu wake ofisini, mama mtu mzima ambaye hakukubali kufanya kazi Jumamosi wala Jumapili. Akatafuta msichana wa kumpigia chapa siku hizo, awe anakaa palepale. Aliponipokea alinipeleka kwanza kwa hakimu mjini, nikaapa juu ya Msahafu kwamba nitakachosoma kwenye karatasi zile sitamwambia mtu. Nikarudi nikaoneshwa chumba: kitanda cha chuma, meza, taipureta nzito yenye herufi moja inayokwama, na dirisha lililotazama chini ziwani. Chakula nilikula naye mezani. Perusi, mpishi wake, Msoga mnene asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, hakupenda jambo hilo. Jaji alimwambia mtu anayejua siri zake hawezi kulia jikoni.

Lugha yenyewe ilitupa taabu. Mimi Mgisu, Kisoga changu kilikuwa cha salamu tu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kunakili, si cha kuzungumza. Jaji alikuwa na Kiswahili, lakini alikifunga kabatini kama nguo ya msiba, maana alikisikia kwanza kwa wanajeshi waliokuja kumchukua kaka yake. Alikitoa kwa ajili yangu. Mwanzoni kila akisema “kuja hapa” alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayejiomba radhi mwenyewe.

Hapo mezani, juu ya viazi vitamu na mchuzi wa karanga, ndipo nilipojifunza majaji wale wanafanya nini. Nilikuwa nadhani jaji mkubwa ni yule anayepiga kelele kuliko wadogo. Nilimwuliza kama mashahidi wanamwogopa. Akacheka hadi Perusi akachungulia. “Mimi sioni shahidi,” alisema. “Shahidi aliishia kule chini, kule Mbale, kule Soroti. Yule jaji wa kule ndiye aliona uso yake. Mimi napata karatasi. Naangalia kama wale wa chini walifuata sheria, ama walipotea njia.” Nikauliza: na wewe ukipotea? Akafuta mdomo. “Hapo ndio kazi inakuwa nzito. Wao wakipotea, mimi narudisha. Mimi nikipotea, hakuna mutu wa kunirudisha. Na wote wa chini watanifuata huko huko porini.”

Siku nyingine alinieleza kwa nini wanakaa watano, na si wanne wala sita, na kwamba hakuna mkubwa kati yao wakati wa kuamua. Hata Jaji Mkuu ana kura moja kama wengine. Kila mmoja anaandika yake au anakubali ya mwenzake, na anayepinga anaandika kwa nini anapinga, na ya wachache nayo inahifadhiwa, kwa sababu kesho huenda wachache wakaonekana walikuwa na akili. Kesi ya uchaguzi wa rais ikija, alisema, siku huwa chache na usingizi huwa haba. Lakini alilolirudia mara nyingi, mpaka nikawa nalimalizia kichwani kabla hajalimaliza, ni hili: hukumu inaandikwa kwa ajili ya aliyeshindwa. “Aliyeshinda hasomi. Anaenda nyumbani kuchinja mbuzi. Ni yule mwingine ndiye atasoma kila mustari, akitafuta mahali nilimwonea. Asipate.”

Na kwa sababu hiyo aliishi kama mgonjwa wa kuambukiza. Harusi za mawakili hakwenda. Kanisani alikaa viti vya nyuma na kutoka kabla ya baraka, watu wasimzunguke mlangoni. Shemeji yake alipomletea gunia la mchele, alimwuliza kwanza kama kuna kesi mahali popote, hata ya mbuzi. Nilimwona kuwa mtu mgumu, na nikamhurumia kidogo pia, maana nyumba ile kubwa ilikuwa na kimya cha nyumba iliyofiwa, naye alikuwa mtu wa kupenda mazungumzo.

Mwezi wa sita alileta faili la Nakaloke. Niliona jina kabla sijakaa: jina la Mama Swaibu kamili, kwa herufi kubwa, mkata rufaa. Nilijua ana kesi. Nani Nakaloke hakujua? Mumewe, miaka kadhaa kabla ya kufa, alitia saini ya kumuuzia mfanyabiashara mmoja wa mjini kile kiwanja chenye nyumba, na hakumwambia mke. Kati ya siku ya saini na siku ya kukabidhi ikatoka sheria inayotaka mke aridhie kwanza. Mfanyabiashara alisema saini ilitangulia sheria, basi nyumba ni yake. Mama Swaibu alisema hakuna aliyemkabidhi mtu kitu, na yeye yumo ndani. Mahakama ya kwanza ilimpa haki yeye, ya pili ikampa mfanyabiashara. Sasa swali lilikuwa mezani kwa majaji watano, na mmoja wao alikuwa Jaji wangu.

Nilipaswa kusema. Sentensi moja ilitosha: Jaji, huyu nimekula kwake miaka miwili, mpe mtu mwingine apige chapa. Angenipa likizo ya majuma mawili na jambo lingekwisha. Sikusema. Nilijiambia naogopa kufukuzwa kazi, lakini nikiwa mkweli kwangu mwenyewe, nilitaka kujua. Nilitaka kuwa wa kwanza kujua. Jaji aliandika kwa mkono Ijumaa tatu mfululizo, anakata, anaandika tena, na mimi nikapiga chapa, na ukurasa wa kumi na moja ukasema rufaa inakubaliwa, nyumba ni ya mjane. Niliupiga kwa haraka hata ile herufi inayokwama ikakwama mara tatu katika mstari mmoja. Sijui sheria, lakini nimepiga chapa maneno ya watu maisha yangu yote na najua kitu kilichoandikwa vizuri. Alimwandikia yule mfanyabiashara kwa heshima, hatua kwa hatua, kama mtu anayemshika mkono mgeni kwenye ngazi zenye giza.

Rasimu ilikuwa bado haijakamilika. Alitaka kuilaza majuma mawili, kisha aipeleke Kampala kwa wenzake wanne. Katikati ya majuma hayo nilipata siku mbili za mapumziko nikaenda Nakaloke. Mama Swaibu alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwetu, kwa karanga, akakaa kwenye mkeka kunitazama nikila.

“Wanakulisha huko kwa wakubwa?”

“Wananilisha, mama.”

“Unakula kama mutu ambaye moyo yake imetulia.” Akangoja. “Na mambo yangu?”

“Mama, niliapa. Siwezi kusema kitu.”

“Mimi sijauliza kitu. Mimi nauliza juu ya mabati tu. Paa inavuja pale juu ya kitanda. Nibadilishe, ama niache yule mutu akuje kubadilisha mabati yake?”

Niliangalia sahani. Nilijua vizuri anauliza nini, naye alijua kwamba najua.

“Badilisha, mama,” nikasema. “Mvua iko karibu.”

Hilo tu. Nilirudi Jinja nikiwa na dhamiri safi kabisa, ndivyo nilivyokuwa mjinga, nikajisifu kwamba kiapo sikukivunja. Ya paa nilisema, ya kesi sikusema.

Mama Swaibu alibadilisha mabati. Na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akafanya lile ambalo mtu aliyelelewa vizuri hufanya: alitafuta jogoo mkubwa mwekundu, akamfunga miguu, akapakia kikapu cha mchele na malewa makavu, akapanda basi la asubuhi kwenda Jinja kushukuru. Hakukuja kuhonga. Hilo naliapia hata leo. Mtu huhonga kabla. Yeye alijua jambo limekwisha. Kwake, mtu akikurudishia nyumba nawe ukakaa kimya, wewe ndiye mwizi.

Ilikuwa Jumamosi. Askari wa getini alikuwa Mwislamu wa upande wetu, akafurahi kusikia Kiswahili cha nyumbani.

“Afande, natafuta mutoto yangu Sauda.”

“Ingia, mama. Mutu anakuja na jogoo, huyo si mwizi.”

Jaji alikuwa ameenda kwenye kikao cha kanisa. Nilimkuta Mama Swaibu uani, na mgeni ni mgeni. Nilimkaribisha. Perusi akaniuliza kwa ishara ni nani, nami nikajibu kwa neno la Kisoga nililolijua: mama. Basi Perusi, aliyekuwa hanipendi, siku hiyo akanipenda. Mama wa mtu amekuja na kuku. Kuku kama huyo halazwi, anachinjwa siku ileile. Akamwita askari, askari akachinja akielekea Kibla, na kabla sijapata la kusema manyoya yalikuwa kwenye maji ya moto. Ningeweza kumwambia mama aondoke. Nilijaribu. Aliniambia kwa upole kwamba hajaja Jinja kuangalia geti.

Jaji alirudi saa saba, akakuta meza imeandaliwa na harufu ya kuku imejaa nyumba. Nikasema, “Jaji, huyu ni mama yangu.” Uso wake ukafunguka. Nadhani ilikuwa miezi tangu akae na mgeni asiye na faili. Alimvutia kiti mwenyewe, akamwekea paja la kuku, akala finyango kwa mikono akimsimulia Mama Swaibu jinsi alivyokuwa akiiba mihogo utotoni. Walicheka sana. Mimi nilikata wali kwa kijiko, sikumeza hata punje.

“Mama, ulizaa mutoto anafanya kazi vizuri,” Jaji alisema.

“Sikumuzaa, bwana mukubwa. Nilimulea tu kidogo.” Kisha akateremka kitini, akapiga magoti kwenye saruji, kitambaa chake kikateleza begani. “Na mimi nimekuja kushukuru. Nyumba yangu umenirudishia. Mungu akulipe. Nimeshaweka hata mabati.”

Jaji aliuweka mfupa kwenye sahani taratibu. “Nyumba gani, mama?”

“Ile ya Nakaloke.”

Hakupandisha sauti. Alimsaidia kusimama, akamrudisha kitini, akanawa mikono kwenye beseni kwa muda mrefu. “Mama,” akasema, “mimi sijatoa kitu, na sasa sitaweza kutoa. Watakuja wengine.” Kisha akaniambia nimsindikize hadi kituoni kwa miguu, asipande gari la serikali. Tulipofika alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya mtoto, “Nimekosea wapi? Kuku alikuwa mubaya?”

Niliporudi, Jaji alikuwa amekaa mbele ya taipureta yangu, na kurasa zote ziko magotini pake.

“Tangu lini ulijua ni mama yako?”

“Tangu faili ilikuja.”

“Na ukapiga chapa.”

“Nilipiga.”

Akaitika kwa kichwa, kama anayepokea ushahidi. Nikaanza kulia, nikamwambia yale aliyoyaandika ni ya kweli, nimeyasoma, na kuku hawezi kuyabadilisha. Akasema, “Hayajabadilika. Lakini sasa si mimi wa kuyasema. Huyu mama akishinda kwa kalamu yangu, yule mwingine atasoma kila mustari, na kwa kila mustari ataona kuku. Na atakuwa na haki kuona.” Akaenda jikoni na kurasa mkononi. Nilisikia Perusi akiuliza kitu kwa Kisoga. Alirudi mikono mitupu, akanisomea barua ya mistari minne kwa Jaji Mkuu, kwamba amekula chakula kilicholetwa na mmoja wa wenye kesi na anaomba kujitoa, na mimi nikaipiga chapa. Jina langu hakulitia. Hiyo ndiyo karatasi ya mwisho niliyomwandikia. Mwisho wa mwezi alinipa barua ya sifa iliyosema napiga chapa haraka na bila makosa. Juu ya uaminifu haikusema lolote, na alikuwa sahihi.

Waliweka jaji mwingine mahali pake, kesi ikasikilizwa upya. Mama Swaibu alishindwa, watatu kwa wawili. Hukumu ilipotoka niliomba kwa wakili mmoja Mbale niisome, nikaisoma yote nikiwa nimesimama. Wale wanne wa zamani walikuwa walewale, wawili huku na wawili kule. Wa tano ndiye aliyeamua. Sikuona mahali walipomwonea mtu. Waliandika vizuri tu, upande wa pili. Mfanyabiashara alibomoa nyumba akajenga ghala, na kwa sababu si mtu mbaya alijengea lile kaburi ukuta mdogo. Mama Swaibu alihamia chumba cha kupanga karibu na msikiti, Mbale mjini. Kila Idi hupanda teksi hadi Nakaloke, hubisha geti la ghala, huomba ruhusa kwa mlinzi, na hufagia. Swaibu, mwanawe, alimkataza. Hakusikia.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikimpelekea chakula siku za Jumapili, na hajawahi kuniuliza. Alizungumza mambo yote ya dunia, hilo aliliruka kama shimo la barabarani analolijua. Ila mara moja moja, nikiwa naosha vyombo, nilimsikia akiwaambia wanawake wenzake uani kwamba mtu asipeleke mkono wake mahali asipoitwa, kwamba kuna mtu anayemjua aliyechinja bahati yake mwenyewe. Alidhani sisikii. Nilikuwa nasikia, na nilikuwa naendelea kuosha.

Jumapili hii, siku moja baada ya maziko, nilimkuta amekaa kitandani amejifunika shali. Amekonda, miguu inamsumbua, lakini masikio yake ni ya msichana.

“Umetoka kumuzika yule mukubwa.”

“Ndiyo, mama.”

“Watu walikuja wengi?”

“Wengi sana.”

“Inna lillahi.” Akasogeza tasbihi vidoleni. “Sasa yeye amekufa, na mimi niko nyuma yake. Kiapo ya mutu aliyekufa inamufunga nani? Niambie. Kabla ya siku ile, alikuwa ameandika nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka mingi, na jibu langu lilikuwa moja: ukweli. Nilitaka kumwambia kwamba mtu mmoja msomi alikaa Ijumaa tatu na kumpa haki yake kwa maneno mazuri. Nilitaka ajue. Nikamtazama usoni nikaona si haki anayoiuliza.

“Alikuwa ameandika umeshindwa, mama.”

“Wewe uliona?”

“Niliipiga chapa mwenyewe. Mwanzo hadi mwisho. Hata kama usingekuja Jinja, ungeshindwa.”

Huko nje mtu alikuwa anachota maji kwenye pipa. Kisha mabega yake yakashuka, yote mawili, polepole, na nikaona kwamba miaka yote ile nilidhani ndivyo yalivyoumbwa.

“Kwa hiyo si mimi,” akasema.

“Si wewe, mama.”

“Si mimi.” Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya shali, akaomba nimletee maji ya kutawadha. Nilipomwekea beseni miguuni alinishika kichwa. “Basi yule Jaji, mimi nimemusamehe,” alisema. “Dunia na akhera. Alininyima nyumba yangu, lakini nimemusamehe.”

Udongo wa kaburi la Jaji ulikuwa bado haujakauka. Nikamwambia asante.